Likizo tulivu na nafuu katika kisiwa cha Tilos, Ugiriki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya msomaji anayetaka kupumzika kwa wiki moja hivi katika kisiwa kidogo cha Ugiriki bila kumaliza akiba yake. Tumechagua kisiwa kimoja tu, Tilos, kwa kuwa Ugiriki ina visiwa vingi mno na ushauri unaotolewa kwa vyote kwa pamoja haumsaidii mtu kukata tiketi. Suala la meli litajirudia katika majibu mengi, kwa sababu huko meli ndiyo inayopanga siku, bei na hata utulivu wenyewe. Msafiri anayeanza kwa kuangalia ratiba ya meli huokoa fedha nyingi kuliko yule anayeanza kwa kutafuta tiketi ya ndege.

Tilos iko wapi, na ni kisiwa cha namna gani?

Tilos ni mojawapo ya visiwa vya Dodecanese, kusini-mashariki mwa bahari ya Aegean, kati ya Kos na Rhodes na karibu na pwani ya Uturuki, kiasi kwamba siku yenye anga safi milima ya bara la pili huonekana waziwazi. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 60 na kidogo, kwa hiyo kisiwa cha Mafia kingeweza kuimeza Tilos mara kadhaa, na wakazi wake wa kudumu hawafiki 1,000. Bandari ni Livadia, mji mdogo uliojipanga kando ya ghuba pana, na makao makuu ni Megalo Chorio, kijiji cha nyumba nyeupe kilichojishikiza kwenye mteremko chini ya ngome ya kale. Kama visiwa jirani, Tilos ilitawaliwa na mashujaa wa Mtakatifu Yohana (shirika la kijeshi la Kikristo la Zama za Kati), kisha na Waturuki wa Osmani tangu 1522, kisha na Waitaliano tangu 1912, na ikawa sehemu ya Ugiriki rasmi mwaka 1948.

Kwa nini Tilos, na si Santorini au Mykonos?

Kwa sababu Tilos haina uwanja wa ndege. Santorini na Mykonos hupokea ndege za moja kwa moja kutoka miji mingi ya Ulaya pamoja na meli kubwa za watalii, na bei za vyumba, chakula na hata kiti cha ufukweni zimepanda kulingana na umati huo. Kisiwa kinachofikiwa kwa meli pekee hubakiwa na wageni walio tayari kusubiri gatini, na wageni wa aina hiyo kwa kawaida hukaa siku nyingi, hula katika migahawa ya wenyeji na hawatafuti anasa. Anayetaka maduka ya vito, klabu za usiku na picha za mabwawa yanayoning'inia juu ya bahari atachoka Tilos kufikia siku ya pili, na ni heri alijue hilo mapema.

Je, ninahitaji viza?

Ugiriki imo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja ya muda mfupi. Wenye pasi za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Schengen ya muda mfupi, inayoruhusu kukaa hadi siku 90 ndani ya kila siku 180. Mwenye kibali halali cha ukaazi kutoka nchi nyingine ya Schengen, kwa mfano Ujerumani au Uholanzi, haombi viza tena, bali husafiri akiwa na pasi na kibali chake. Anayeishi Uingereza kwa pasi ya Afrika Mashariki lazima aombe, kwa kuwa Uingereza haimo katika Schengen. Anayeishi Omani au nchi nyingine ya Ghuba kwa kibali cha kazi huombea huko anakoishi, bila kulazimika kurudi nyumbani.

Tangu Juni 2024 ada ya viza ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, nayo hairudishwi hata ombi likikataliwa. Maombi hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe kupita siku 15 kabla yake, ingawa anayesubiri siku hizo 15 anacheza na bahati, hasa kuanzia Mei. Bima ya safari inapaswa kulipia matibabu ya angalau euro 30,000 katika nchi zote za Schengen. Kuhusu malazi, ni busara kuweka nafasi inayoweza kufutwa bila malipo, na kutolipia tiketi ya ndege isiyorudishwa kabla ya viza kupigwa katika pasi. Ikiwa utatembelea nchi zaidi ya moja, ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kwa hiyo mtu anayeomba kupitia Ugiriki kisha akapanga siku 2 Tilos na siku 10 Paris anajitafutia matatizo.

Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili alama za vidole na picha ya uso ya wageni badala ya kugonga muhuri, na foleni ya mara ya kwanza inaweza kuwa ndefu. Lifikirie hilo unapopanga muda wa kuunganisha safari uwanjani.

Ninafikaje Tilos?

Kuna njia mbili zenye mantiki. Ya kwanza ni kuruka hadi Rhodes, kulala hapo usiku mmoja ikibidi, kisha kupanda meli. Kutoka Athens hadi Rhodes ndege huchukua muda usiofika saa moja na nusu, na katika miezi ya Aprili hadi Oktoba kuna ndege za moja kwa moja kwenda Rhodes na Kos kutoka miji mingi ya Ulaya, jambo linalowafaa sana Waswahili walioko Uingereza, Ujerumani au Skandinavia. Kutoka Rhodes, boti iendayo kasi au meli kubwa hukufikisha Livadia kwa saa mbili hivi au zaidi kidogo, kutegemea chombo na visiwa kinavyopitia. Rhodes ina gati zaidi ya moja, na boti ziendazo kasi haziondokei pale zinapoondokea meli kubwa. Soma jina la gati kwenye tiketi kabla ya kupanda teksi.

Njia ya pili ni meli kubwa kutoka Piraeus, bandari ya Athens. Safari hii huchukua zaidi ya nusu siku na kwa kawaida hupita usiku, kwa hiyo inakuokolea gharama ya kulala hotelini usiku mmoja. Aliyezoea boti za Dar es Salaam na Unguja atashangazwa na ukubwa wa chombo, wenye migahawa, vyumba vya kulala, sitaha za wazi na malori yaliyopangwa tumboni. Tiketi ya bei ndogo ni ya sitahani au ya viti vya ukumbini, na katika majira ya joto wengi hulala hapo kwa mfuko wa kulalia na shuka la kujikinga na kiyoyozi. Kutoka uwanja wa ndege wa Athens, treni ya chini ya ardhi ya njia ya 3 imefika Piraeus tangu 2022, na basi la X96 hufanya kazi mchana na usiku. Meli za Dodecanese kwa kawaida hutia nanga kwenye lango la E1, ambalo liko mbali na kituo cha treni, hivyo mwenye mizigo mizito asifike dakika za mwisho.

Kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe, safari za Athens kwa kawaida huunganishwa katika miji kama Istanbul, Doha au Cairo. Usikate tiketi hiyo kabla ya kuona siku gani za juma meli hupita Tilos, kwa kuwa haipiti kila siku nje ya msimu, na ratiba mara nyingi hutangazwa miezi michache tu kabla.

Meli ikiahirishwa kwa sababu ya upepo, nini hutokea?

Mamlaka ya bandari huzuia vyombo kuondoka upepo unapofikia kiwango fulani, mara nyingi nguvu 8 katika kipimo cha upepo cha Beaufort, na boti ziendazo kasi husimamishwa mapema kuliko meli kubwa. Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, chombo kikifutwa au kikichelewa kuondoka kwa zaidi ya dakika 90, abiria ana haki ya kuchagua kati ya kurudishiwa nauli na kupelekwa aendako kwa chombo kingine. Gharama za kulala, hata hivyo, kampuni hailazimiki kuzilipa sababu ikiwa ni hali ya hewa. Ndiyo maana bajeti nzuri ya Tilos huwa na usiku mmoja wa akiba, ambao ukibaki bila kutumika utakununulia samaki wa siku ya mwisho.

Ni wakati gani mzuri wa kwenda?

Juni na Septemba. Mwezi wa Juni mchana ni mrefu, vyumba bado havijajaa na vilima havijakauka kabisa. Septemba bahari ina joto lililokusanywa kiangazi kizima, tini na komamanga zinaiva, na upepo umetulia. Mei inapendeza kwa wapenda kutembea milimani, ingawa maji bado ni baridi kwa mtu aliyezoea Bahari ya Hindi. Mgeni kutoka Tanga au Mombasa atarudi nchi kavu haraka.

Julai na Agosti huvuma upepo wa kaskazini uitwao meltemi. Watu wa pwani wataupata mara moja nikisema kwamba unafanana na kaskazi kwa upande unakotoka, ila huja katika miezi ambayo kwetu ni ya kusi. Unapoza joto linalopita nyuzi 30, na unaweza pia kufunga bandari. Katikati ya Agosti, karibu na sikukuu ya Bikira Maria ya tarehe 15, Wagiriki wenyewe hurudi visiwani, bei hupanda na vyumba huadimika. Kuanzia Novemba hadi Machi mvua hunyesha, migahawa mingi hufungwa na meli hupungua. Kwa likizo ya kwanza siushauri msimu huo hata bei ikishuka vipi.

Faida ndogo ya majira ya joto ni kwamba saa za Ugiriki huwa sawa na za Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, hivyo hakuna uchovu wa kubadili saa. Mwezi wa Juni, ikifika saa mbili usiku, bado utaona mwanga.

Itanigharimu kiasi gani?

Bei hubadilika kila mwaka, kwa hiyo chukua takwimu hizi kama kadirio la kupangia tu. Watu wawili wanaokaa usiku 7 mwezi Juni au Septemba, katika chumba cha kawaida chenye jiko dogo, wanaweza kutenga euro 50 hadi 60 kwa usiku. Wakijitengenezea kifungua kinywa, wakala kitu chepesi mchana na kwenda mgahawani jioni, euro 25 kwa kila mmoja kwa siku zinatosha bila kujibana. Ongeza nauli ya meli kwenda na kurudi Rhodes, basi na mambo madogomadogo, na jumla ya wiki kwa wote wawili huzunguka euro 900 bila kuhesabu ndege na viza. Hesabu ya mwezi Agosti ni nyingine kabisa.

Kinachopunguza gharama zaidi ni kukaa mahali pamoja. Wengi hupanga visiwa vinne kwa siku nane, wakalipia meli nne, teksi nane na vyakula vya bandarini, halafu wakarudi wamechoka kuliko walivyoondoka.

Nilale wapi, na kuna kodi gani juu ya chumba?

Kwa asiye na gari, Livadia ndiyo chaguo la wazi, kwa kuwa meli, duka, mkate, migahawa na ufukwe vyote viko umbali wa kutembea. Megalo Chorio ni tulivu zaidi na ina mandhari, lakini unategemea basi kufika baharini. Ufukwe wa Eristos huwafaa wanaotaka mchanga mlangoni na hawajali kuwa mbali na maduka.

Ugiriki hutoza kwa kila usiku tozo ya kukabiliana na athari za tabianchi, inayolipwa papo hapo na aghalabu haimo katika bei uliyoiona mtandaoni. Kwa viwango vya 2025, kati ya Aprili na Oktoba vyumba vya kupangisha vilivyosajiliwa na hoteli za nyota 1 au 2 hutozwa euro 2 kwa chumba, hoteli ya nyota 3 euro 5, na nyumba za kukodi kwa muda mfupi kupitia majukwaa ya mtandaoni euro 8. Kati ya chumba cha mama mwenye nyumba aliyejisajili na nyumba ya jukwaani kuna tofauti ya euro 42 kwa wiki kwa tozo pekee. Uliza kabla ya kulipa ni aina gani ya malazi.

Ninaweza kulala kwenye hema?

Ufukwe wa Eristos umejulikana kwa miaka mingi kwa watu wanaopiga mahema chini ya miti ya kivuli. Hata hivyo, sheria ya Ugiriki kwa ujumla inakataza kupiga kambi nje ya maeneo rasmi, kwa hiyo pata kauli ya manispaa ya mwaka husika kabla ya kubeba hema. Isitoshe, mwombaji wa viza anayeandika kwamba atalala ufukweni hataeleweka vizuri ubalozini.

Kuna chakula gani, na je, kuna nyama halali?

Chakula cha Tilos kimejengwa juu ya mbuzi, samaki, kunde na mafuta ya zeituni. Mbuzi ni wengi kuliko watu, na katika siku za sherehe huokwa polepole akiwa amejazwa wali. Pweza huanikwa juani kisha akachomwa, ngisi hukaangwa, adesi na dengu hupikwa kwa kitunguu na mafuta mengi, na saladi ya nyanya, tango na jibini ya feta hutosha watu wawili kwa mkate. Migahawa huagizisha vyakula vya kushirikiana mezani, na hakuna anayekushangaa ukiomba sahani mbili tu kwa watu watatu. Mkate uletwao bila kuombwa mara nyingi hutozwa kiasi kidogo. Mvinyo wa nyumba hupimwa kwa kilo: nusu kilo ni nusu lita, wala si utani.

Nyama iliyothibitishwa kuwa halali haipatikani Tilos, kwa hiyo Waislamu wengi hutegemea samaki na vyakula visivyo na nyama. Hilo si gumu, kwa sababu mfungo wa Kanisa la Orthodox, ambao wafuasi wake walioko Kenya, Uganda na Bukoba wanaufahamu, umewafanya Wagiriki kuwa na mapishi mengi ya mboga na kunde. Neno la kulitambua katika orodha ya vyakula ni *hirino*, yaani nguruwe. Katsiki ni mbuzi.

Ukimaliza kula, subiri risiti. Tangazo lililobandikwa migahawani kote Ugiriki linasema kwamba mteja halazimiki kulipa asipopewa risiti, na kuiomba si ukorofi.

Fukwe zikoje? Nitahitaji kusubiri maji yajae?

Hapana. Bahari ya Aegean karibu haina kupwa na kujaa kwa kiasi cha kuonekana, kwa hiyo hakuna kuulizia bamvua wala kutembea nusu kilomita kufuata maji yaliyokupwa. Utaogelea saa yoyote, na kina kitakuwa kilekile. Kwa upande mwingine, usitarajie mchanga mweupe wa Jambiani au Diani. Livadia ni ufukwe wa kokoto zenye maji maangavu yasiyo na tope, na viatu vya kuogelea vitakusaidia. Eristos ni mpana na una mchanga mwingi zaidi. Lethra hufikiwa kwa njia ya miguu kutoka Livadia, na hauna duka wala kivuli cha kukodi, hivyo beba maji ya kutosha. Plaka una miti na tausi wanaotembea huru, ambao watakiiba chakula chako bila aibu.

Kuna nini cha kuona zaidi ya bahari?

Kuna tembo, ingawa wamekufa zamani. Katika pango la Charkadio, kando ya barabara kati ya Livadia na Megalo Chorio, uchimbaji ulioanza 1971 chini ya mwanapaleontolojia Nikolaos Symeonidis wa Chuo Kikuu cha Athens ulifichua mifupa ya tembo wadogo waliokuwa wafupi mno wakilinganishwa na wale wa Tsavo au Ruaha. Sababu yake inaeleweka: mnyama mkubwa akifungiwa kisiwani penye malisho machache na pasipo simba, vizazi vyenye umbo dogo ndivyo hudumu. Wataalamu wanawahesabu miongoni mwa tembo wa mwisho kuishi Ulaya. Mtu aliyekulia katika nchi ya tembo hulitazama jambo hili kwa jicho lake mwenyewe, na kwa maoni yangu hii ndiyo sababu bora ya Mwafrika Mashariki kuchagua Tilos badala ya kisiwa cha jirani.

Mikro Chorio, kijiji kilichohamwa, kiko mlimani juu ya Livadia. Wakazi wake waliteremka bandarini baada ya Vita Kuu ya Pili, na kufikia miaka ya 1960 nyumba zilikuwa tupu. Leo kuta za mawe zimesimama bila mapaa, kanisa bado linatunzwa, na katika usiku wa majira ya joto baa moja hufunguliwa katikati ya magofu. Nenda alasiri kwanza, kabla ya muziki. Upande wa magharibi, barabara ya kando ya jabali inaishia kwenye monasteri ya Agios Panteleimon ya karne ya 15, yenye ua wa mawe na chemchemi. Sikukuu yake ni tarehe 27 Julai, na mkesha huanza siku moja au mbili kabla kwa ibada, chakula cha pamoja na ngoma za kuzunguka ambazo mgeni hukaribishwa kujiunga.

Uwindaji umepigwa marufuku Tilos tangu 1993, na kwa sababu hiyo ndege ni wengi. Anayependa ndege amtafute kozi wa Eleonora, anayezaa katika majabali ya visiwa hivi mwishoni mwa kiangazi kisha husafiri hadi Madagaska kukaa wakati wa baridi ya Ulaya, akipita anga za Afrika njiani.

Nitazungukaje kisiwani?

Kwa miguu na kwa basi dogo linalounganisha Livadia, Megalo Chorio na fukwe za upande wa pili, ambalo husafiri mara nyingi zaidi katika miezi ya joto. Livadia hadi Megalo Chorio ni kilomita 7 hivi. Pikipiki na magari hukodishwa, lakini leseni ya Afrika Mashariki inapaswa kuambatana na kibali cha kimataifa cha udereva kilichotolewa nyumbani kabla ya safari, na leseni yenyewe iwe na daraja la pikipiki. Bila hivyo bima haitakulipa ukianguka.

Nimesikia kwamba Tilos haina majaa ya taka. Mgeni anatakiwa kufanya nini?

Ni kweli kwamba mapipa ya taka ya mitaani yaliondolewa na jaa la zamani likafungwa. Tangu mwishoni mwa 2021 taka hukusanywa mlango kwa mlango zikiwa zimetenganishwa: mabaki ya chakula, vitu vinavyorejelezwa na visivyorejelezwa. Mwenye nyumba atakupa mifuko na kukuonyesha utaratibu, na inafaa kuufuata hata kama kwenu hakuna desturi hiyo. Umeme nao hutokana kwa sehemu na mtambo mmoja wa upepo wa kilowati 800, paneli za jua na betri, mradi uliopata tuzo ya nishati endelevu ya Umoja wa Ulaya mwaka 2017. Jambo jingine ambalo hakuna anayelisema mapema: mabomba ya maji machafu ni membamba, hivyo karatasi ya chooni hutupwa katika kikapu kilicho kando.

Vipi kuhusu fedha taslimu na matibabu?

Kadi hupokewa sehemu nyingi na Livadia ina mashine ya kutolea fedha, lakini mashine ikikorofisha mwishoni mwa juma hakuna benki ya kukimbilia. Fika na euro 150 au 200 mkononi. Kisiwani kuna kituo cha afya cha huduma za msingi. Mgonjwa mwenye hali nzito hupelekwa Rhodes, na hapo ndipo bima ya safari inapofanya kazi yake halisi. Beba dawa zako za kila siku za kutosha pamoja na za siku tatu za ziada, kwa sababu ya meli. Nambari ya dharura ni 112.

Je, kisiwa kinawafaa watoto na wazee?

Kinawafaa watoto wanaopenda maji. Hakuna bustani za michezo za maana, ila njia ya ufukweni Livadia haina magari mengi na jioni familia huzunguka hapo hadi usiku. Kwenye meli nyingi watoto wa chini ya miaka 5 hawalipi nauli na wale wa miaka 5 hadi 10 hulipa nusu. Mzee anayepata shida ya ngazi akae Livadia, si Megalo Chorio, na aombe chumba cha chini.

Kuna adabu gani za kuzingatia?

Katika majira ya joto saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja na nusu ni muda wa kisheria wa ukimya, sawa na kuanzia saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Maduka hufungwa mchana, watu hulala, na anayepiga muziki kibarazani huonekana hana malezi. Monasterini funika mabega na magoti. Anayevaa kanga au kikoi tayari amebeba suluhisho. Salimu kwanza kabla ya kuuliza bei, *kalimera* asubuhi na *kalispera* jioni, kwa kuwa Wagiriki wa visiwani, kama sisi, humwona anayeruka salamu kuwa amekosa heshima. Neno *ne* lina maana ya ndiyo, ingawa sikio la mgeni hulisikia kama hapana, na mtu anayeinua kichwa nyuma huku akigonga ulimi amekukatalia.

Ninaweza kuvuka kwenda Uturuki kwa siku moja?

Boti za kwenda Uturuki huondoka Rhodes na Kos, na kwa macho safari ni fupi sana. Lakini ukiwa na viza ya Schengen ya kuingia mara moja, kutoka huko ni kuimaliza, na jioni hutaruhusiwa kurudi kwenye chumba ulichokilipia. Nenda tu ikiwa viza yako ni ya kuingia mara nyingi na umetimiza masharti ya Uturuki kwa pasi yako.

Nina siku tatu au nne tu. Bado niende Tilos?

Hapana. Safari yenyewe itazila. Mwenye muda huo akiwa Athens apande boti Piraeus aende Agistri, kisiwa kidogo chenye misonobari kilichoko saa moja hivi kwa boti iendayo kasi, karibu na Aegina. Tilos inataka usiku 5 kwa uchache, na 7 ni bora.

Nipangeje siku ya kurudi?

Ondoka Tilos siku moja kabla ya ndege yako, kamwe si siku ileile, hata ratiba ikionyesha kwamba meli inafika Rhodes muda wa saa sita kabla ya ndege kuruka. Hapo Rhodes utalala usiku mmoja, nje ya kuta za mji wa kale bei zikiwa nafuu kuliko ndani yake, na ukiwahi utapata nafasi ya kutembea barabara za mashujaa wale wale waliojenga ngome uliyoiona Megalo Chorio. Kabla ya kuondoka Livadia, pita ofisi ya tiketi jioni iliyotangulia na uulize kama meli ya kesho imethibitishwa, kwa kuwa wao hupata taarifa za bandari kabla hazijaonekana mtandaoni.